Kuku wa Neli Hawakui

Pale Bondeni, mjini Kyela, mbele ya kibanda cha fundi baiskeli, kuna ubao mmoja uliopigiliwa juu ya magogo mawili. Masika yakishika, watu hubanana chini ya bati mpaka magoti yanagusana. Kisa, mwanamke muuza kahawa, huweka jiko lake la mkaa pembeni, birika la kahawa juu yake, kashata kwenye sinia. Ebeneza wanamwita Mizani, kwa kuwa kazi yake ni kupima kakao ya wakulima. Ezekia ni Kontena, kwani enzi zake alikuwa utingo wa malori ya kwenda Malawi, na safari moja aliyokwenda huisimulia mara kumi. Wa tatu ni Ambwene Mwakyoma, mzee wa miaka sitini na moja. Huyo siku hizi wanamwita Broila, maana tangu mkewe Neli azikwe hana habari nyingine ila moja: broila wake, kuku wa nyama, hawakui.

Asubuhi hiyo ya mvua Ambwene alifika wa kwanza. Tangu jana yake saa kumi na mbili jioni hakuwa amefungua mdomo kuzungumza na mtu, na sauti yake ilipotoka ilikuwa imekauka hata yeye akaishangaa.

– Ugonile, Broila, alisalimia Kontena akijipenyeza kwenye ubao. Wagonjwa wako wanasemaje?

– Wapo palepale. Wiki ya sita inaisha, lakini ukimshika mmoja ni kama umeshika kofia.

– Wiki ya sita kuku wa nyama awe kilo mbili, alisema Mizani. Mimi ni mtu wa kupima, siwezi kukudanganya. Hilo ni joto. Kakao ukiianika inapungua uzito, si ndiyo? Na kuku vilevile. Kyela hii kuku anakauka huku anatembea.

– Kwa mvua hii? aliuliza Kisa.

– Anakaukia ndani kwa ndani.

Kontena akatikisa kichwa kama mtu anayemhurumia mwenzake.

– Sikilizeni mtu aliyesafiri. Hao vifaranga walitoka wapi? Mbeya. Sasa chukua chupa ya maji ya plastiki, inywe Mbeya, ifunge vizuri kifuniko. Ukifika Kyela inakuwaje?

– Imebonyea, alikiri Mizani.

– Nani kaibonyeza? Hewa! Huku bondeni hewa ni nzito. Basi na kuku wa Broila wamebonyea. Ndiyo maana wahenga wakasema, aliye juu mngoje chini.

– Methali hiyo haihusiki hapo, Kontena, alisema Mizani.

– Haihusiki vipi? Walikuwa juu, sasa si wako chini?

Kisa akacheka, akamwongezea Ambwene kahawa.

– Nyie wanaume hamjui kitu. Nyumba ya Broila imepakana na wale jamaa wa mikesha, wana spika kubwa kama kabati. Kuku hawalali. Wanasikia neno usiku kucha. Hao kuku wameokoka, na sasa wanafunga.

Ubao mzima ukatikisika kwa kicheko. Ambwene naye alicheka, akahisi kifua kinapata moto. Kila asubuhi ilikuwa hivi. Yeye huleta kuku wake kwa maneno, wenzake huwachambua, na saa mbili hupita bila kuzihisi. Wanachokula kuku hao alikijua vizuri. Hakuna aliyemuuliza, naye hakusema, kwa sababu jambo hilo likishasemwa, kesho atakuja kijiweni na habari gani?

– Mimi nasema wana akili, Kontena aliendelea, sasa amesimama. Wamewaona wenzao wa jirani. Aliyenenepa kaondoka, aliyenenepa kaondoka. Wakaitana mkutano. Jamani, hapa dawa ni kukonda! Mchagua jembe si mkulima.

Wakati huo alikuwa amefika mwanamke mmoja akikokota baiskeli yenye pancha, amevaa buti za mvua. Aliamkia wote kwa heshima, akasema anaitwa Asifiwe, anatoka Bujonde, naye anafuga kuku. Fundi alipoanza kufungua tairi, Kisa akampa kikombe, naye akanywa huku akisikiliza. Alisikiliza habari za hewa nzito, za mkesha, na za mkutano wa kuku. Kisha akauliza polepole:

– Samahani wazee wangu, nani kati yenu ameshawaona hao kuku?

Mvua ilisikika juu ya bati.

Mizani alitazama viatu vyake. Kontena akaketi. Kisa akafunua kifuniko cha birika, akakirudisha.

– Mimi nilibanwa na wakulima, alisema Mizani.

– Na njia ile ikinyesha inajaa maji, alisema Kontena. Ni mbali.

– Ni nyumba ya nane kutoka hapa, alisema Ambwene.

Hakusema kwa lawama. Alisema tu idadi, kama mtu aliyeulizwa. Lakini tangu siku ya kuanua matanga, hakuna hata mmoja wao aliyekanyaga uani kwake, na sasa wote walilijua hilo kwa wakati mmoja. Kisa alitaka kuwamiminia tena, birika likatoa matone mawili na masimbi ya kahawa.

– Twendeni basi, alisema Mizani. Twende tukawaone.

Ambwene akatangulia kwa hatua za haraka, maana ua ulikuwa haujafagiliwa siku nyingi.

Bandani walikuwamo kuku mia na watatu, manyoya yamekaa vipandevipande, wengine wamelalia vifua kwa kushindwa na miguu. Asifiwe aliinama, akachota chakula chao, akakipepeta kiganjani.

– Baba, hizi ni pumba za mpunga tupu.

– Ndizo.

– Tangu lini?

– Tangu mama yao afariki. Yeye alikuwa anawachanganyia mwenyewe.

Aliwaongoza mpaka stoo. Kulikuwa na pipa la bluu, mfuniko wake umefungwa kwa kipande cha kitenge. Asifiwe aliponyoosha mkono, Ambwene akasema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia:

– Usifungue!

Kisha akaona haya, akaeleza.

– Alikichanganya hiki Jumatano. Ijumaa homa ikampata. Jumatano ya pili tulikuwa tumeshamzika. Nikawapa kuku ndoo mbili, halafu nikaona nikiendelea kitaisha.

Asifiwe akarudi nyuma hatua moja.

– Fungua wewe mwenyewe, baba.

Alifungua. Harufu ya uvundo ikawapiga. Unyevu ulikuwa umeingia, chakula kimeganda mabonge, ukungu wa kijani umetanda juu. Katikati ya ukungu vilionekana vichwa vya usipa, dagaa wa ziwani, vidogo, vimekauka, jinsi Neli alivyovitupia mle.

– Hiki hakifai tena, alisema Asifiwe. Kuku akila ukungu huu anakufa. Na zile pumba nazo zinawamaliza polepole. Kuku wa broila ana haraka, baba. Kila saa mwili wake unataka kujenga nyama. Anataka mahindi ya kumpa nguvu, soya na usipa vya kumjenga, na mifupa iliyosagwa ili miguu imbebe. Pumba inajaza tumbo tu.

– Kwa hiyo wanashiba huku wana njaa.

– Ndiyo, baba. Marehemu alikuwa anaweka vipimo gani?

Ambwene alitazama mle pipani.

– Sijui. Nimekaa naye miaka thelathini na minne. Nilikuwa nambebea ndoo. Sikuwahi kumuuliza.

Kontena na Mizani walilibeba pipa mpaka nyuma kwenye migomba. Ambwene akataka kuchimba shimo mwenyewe, akachimba mpaka mvua na jasho vikachanganyika usoni. Walipomimina, Kontena alivua kofia.

Asifiwe aliandika vipimo kwenye kipande cha boksi. Akamwambia ukweli: hawa hawatawafikia wenzao, wiki za mwanzo ndizo msingi na zimeshapita, ila wataongezeka. Ambwene akamshukuru kwa Kinyakyusa, ndaga fijo, mara mbili.

– Kesho utuletee habari, alisema Kontena wakati wa kuagana.

– Njooni mwone wenyewe, alisema Ambwene.

Kesho yake hakuja mtu. Ambwene alikwenda sokoni akanunua usipa na soya na mifupa iliyosagwa na mahindi yaliyoparazwa, akatandaza turubai barazani, akachanganya kwa mikono mpaka viwiko vikauma. Keshokutwa yake pia hakuja mtu, wala yeye hakwenda kijiweni. Alikaa bandani. Kuku walikuwa wakila kwa pupa ambayo hakuisikia tangu Neli alipokuwapo, midomo ikigonga vyombo kama mvua ya mbali.

Jumatatu jioni aliingia Mizani peke yake, suruali imelowa hadi magotini, mzani umening'inia begani. Walimpima kuku mmoja: kilo moja kasoro kidogo. Wakampima mwingine. Kisha Mizani akageuza ndoo, akaikalia pembeni ya mlango wa banda.

– Neli alikuwa anakaa wapi akiwalisha? aliuliza Mizani.

– Hapo ulipokaa.

Mizani akashtuka, akaanza kuinuka.

– Kaa, alisema Ambwene. Kaa tu.