Nilivyojifunza Kupika Mrenda Nimefunga Mlango

Asanteni kwa nafasi. Kiti niondoleeni, nikikaa nitanyamaza. Ndugu zangu mnaouguza wagonjwa nyumbani, mkutano uliopita mama mmoja aliuliza kwa nini sisi wanaume wa kikundi hiki hatusemangi. Ni aibu, mama. Yangu nimeibeba miaka mingi, na leo nataka kuitua.

Nilikuwa dereva wa trekta, navuta miwa kutoka mashambani kupeleka kiwandani, huko upande wa Butali. Miaka ile miwa ilikuwa inalipa na vichwa vyetu vilikuwa vimevimba. Kwangu nilipanda miwa mpaka ukutani mwa jikoni. Bustani ya mke wangu ya mrenda, saga na kunde niliipiga plau mimi mwenyewe, yeye amesimama ananitazama. Nikamwambia, "Mboga ni ya watu wasio na miwa. Sisi tutakulanga nyama." Na kweli tukala.

Halafu asubuhi moja mke wangu akaamka mdomo umeenda kando, mkono mmoja hauinuki. Alilazwa, akarudishwa nyumbani, na muuguzi akanionya kwamba kumeza kutamsumbua. Nyama itamkaba, akasema, na hata supu nyepesi itamwingia njia ya hewa. "Mpikie mrenda, baba. Ule mzito, unateleza polepole wenyewe." Nikaitikia tu. Rohoni nilikuwa najiuliza, mke wa dereva wa trekta alishwe mrenda, watu watasemaje?

Tena upikwe na nani? Vijana wetu walikuwa shule ya bweni. Msichana wa kazi alitoroka kabla hatujamzoea. Na mnajua kwetu, mwanamume akionekana ameinamia mafiga, jina lake limeisha. Wakata miwa wangenitungia wimbo siku hiyo hiyo. Kwa hiyo nilikuwa nanunua supu ya mifupa buchari, namnywesha, anapaliwa, namfuta kidevu, basi. Kesho yake hivyo hivyo. Alikonda mpaka pete ikawa inatoka kidoleni yenyewe.

Sasa nawaambia lile linaloniuma, na mniwie radhi. Supu ikimshinda, mimi nilikuwa narudi buchari. Nakaa na wenzangu, nakula nyama choma. Wakiuliza hali ya mgonjwa, nasema anakula vizuri. Nilikuwa na njaa, na nyumbani nilishindwa kula huku ananiangalia.

Mama mkwe akaja kumwona binti yake. Alifikia kwa shangazi yangu, ng'ambo ya barabara, maana kwangu hawezi kulala. Wengi wenu ni Waluhya, sina haja ya kuwafundisha. Mama mkwe hakupi mkono, hakuangalii usoni, na jikoni kwako hapiki hata nyumba ikiwa inaungua. Kwa binti yake alikuwa anaingia mimi nikiwa kazini. Alimkuta mifupa mitupu.

Siku hiyo nilirudi mchana nikakuta mlangoni mwa jikoni fungu la mrenda na majani ya kunde, na kichupa cha munyu. Mwenyewe haonekani. Nikaingia na lile fungu, nikafunga mlango, nikakaa chini nikalia. Mzee mzima, sijui hata jani linachambuliwa vipi.

Ndipo nikasikia sauti nyuma ya ukuta, kutoka ndani ya miwa. Ilikuwa ya mama mkwe, na haikuwa inasema na mimi.

"Wewe ukuta, hiyo mboga haijipiki. Chambua majani, vijiti tupa."

Nikachambua.

"Ukuta, maji yachemke kwanza ndiyo utie munyu. Kidogo! Hayo ni maji ya majivu ya maganda ya maharagwe, si chumvi ya duka."

Nikatia munyu, nikatia majani, kisha nikafunika sufuria, nikiogopa harufu ifike barabarani watu wajue.

"Nani amefunika? Nimesikia kifuniko. Ukuta, mrenda haufunikwangi! Utafura umwagike wote."

Ulikuwa umeshamwagika na moto umezima. Nikarudi kukaa chini. Aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka.

"Ukuta, mtoto wangu anakufa njaa. Acha aibu."

Nikawasha moto upya. Mrenda ule wa kwanza ulikuwa na mchanga, lakini nilimlisha kwa kijiko na ukashuka. Hakupaliwa. Akamaliza bakuli, akafungua mdomo kutaka zaidi, nami nikageuza uso nisimwonyeshe macho yangu.

Mama mkwe alirudi kwenye ile miwa siku baada ya siku, mpaka ukuta ukajua saga ya maziwa, mnavu, na kunde za simsim. Mlango bado nilikuwa naufunga. Halafu miwa yangu ikaiva, wakaja kuikata, na jikoni pakabaki peupe. Nikafungua mlango wanione na mwiko mkononi. Walicheka sana, na wimbo waliutunga kweli, mbaya. Mrenda ulikuwa motoni, nikaendelea kukoroga.

Namshukuru yule muuguzi ambaye sikumsikiliza. Namshukuru mama mkwe, aliyekwisha kutangulia. Usoni sikuwahi kumwambia asante, desturi haikuniruhusu. Nilimwambia kupitia ukutani, akakohoa kidogo akaenda zake. Nanyi wanaume mliokaa nyuma, nawaomba, mgonjwa wako hawezi kungoja mpaka aibu yako iishe. Ingia jikoni na hiyo aibu yako, upike.

Mke wangu ndiye yule pale mwenye fimbo. Sasa anaongea, polepole. Habari ya ukuta anaijua, na huwa anaisimulia akicheka. Ya buchari leo ndiyo mara yake ya kwanza kuisikia. Miaka yote hii ameamini kwamba zile siku tulilala njaa sote wawili, na amenishukuru kwa hilo mbele ya watoto wetu, nami nikanyamaza.

Mama watoto, mimi nilikuwa nakula.