Mikono ya Sweta Iliyokunjwa

Wasifu wa Mama Ottilia Ndunguru (1941–1998)

Mama yetu Ottilia Ndunguru alizaliwa tarehe 14 Mei 1941 Mbaha, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Romanus, mvuvi, na Bi. Bonifasia. Alibatizwa mwezi huohuo. Kule ziwani watoto hukua vifua wazi, na mwenyewe alizoea kutania kwamba mpaka anaolewa hakujua sweta linaanza kuvaliwa kichwani au miguuni.

Alisoma Mbaha hadi darasa la nne. Baadaye alikwenda kwa masista kujifunza mapishi, kushona na kufuma soksi, akahitimu mwaka 1958. Za nani zile soksi, katika joto lile, hakuna aliyemweleza.

Tarehe 7 Oktoba 1961 alifunga ndoa takatifu na marehemu Mzee Baltazar Ndunguru, mkulima wa kahawa wa hapa Mkumbi, milimani. Juni iliyofuata baridi ilimkamata akiwa shambani hadi jembe likamtoka mikononi. Siku chache baadaye Mzee Baltazar alikwenda gulioni na baiskeli, gurudumu likawa linayumba njia nzima. Aliporudi aliuliza, "Mama, baiskeli yangu imekuwaje?" Marehemu akamwonyesha spoki mbili alizozichomoa na kuzinoa kwenye jiwe, zikiwa zimeshika uzi. "Vumilia kidogo, baba. Sweta lako liko njiani."

Alifuma kwa spoki hizo hadi mwaka 1974, sista mmoja aliyekuwa akirudi kwao Ulaya alipomwachia mashine ya kufumia. Ilikuwa na safu ndefu ya sindano. Unasukuma mpini upande huu na upande ule, na mstari mzima unafumika kwa mkupuo. Kazi ya wiki mbili ikawa ya siku moja. Shule za Mkumbi hadi Ukata zilivaa bluu kutoka sebuleni kwake, na watu wakaibatiza nyumba yake jina la Kiwandani. Mashine hiyo ndiyo iliyowasomesha wanawe Nazari na Kunigunda hadi kidato cha nne.

Sweta la mtoto alilifuma na mikono mirefu kupita kiasi, akaikunja na kuishikiza. Mtoto akikua, mikono inakunjuliwa. Akizidi kukua, analirudisha, pindo linafumuliwa na mistari inaongezwa kwa uzi uleule, kwa maana kila sweta alilitunzia donge lake la uzi kikapuni. Miaka uzi ulipoadimika madukani alifumua hata masweta ya mumewe ili mtoto wa jirani asiende shule akitetemeka.

Soko huria lilipokuja, alilipokea kwa furaha ambayo leo inatuuma kuikumbuka. Uzi ulijaa dukani kwa Masoudi mjini Mbinga. Mwaka 1994 yeye na Mzee Baltazar waliamua mavuno yote ya kahawa yawe uzi wa bluu. Hawakufikiria kwamba mlango ulioingiza uzi ungeingiza na masweta. Msimu uleule Masoudi alishusha marobota ya masweta ya kiwandani kutoka ng'ambo, rangi ya damu ya mzee, kwa nusu ya bei ya marehemu.

Wazazi waliitwa shuleni kuamua sare. Mwenyekiti, Bwana Bernadi, alizungumza ameinama. "Mama, hapa hakuna ambaye mtoto wake hakuvaa sweta lako. Lakini mzazi akiona la dukani ni nusu bei, tumwambie nini?"

"Mwambieni litamfaa mwaka mmoja tu."

Mzazi mmoja akajibu kwa upole, "Mwaka mmoja unatosha, mama. Ya mwakani tutayajua mwakani."

Marehemu aliketi. Watoto wakahamia rangi mpya, na uzi wa bluu ukabaki umepangwa hadi darini. Mwaka uliofuata Emiliana, kitinda mimba wake, alirudishwa nyumbani kutoka kidato cha pili kwa kukosa ada na hakurudi tena shuleni. Hilo ndilo lililomvunja mama yetu, wala si mashine. Sindano za mashine nazo zilikatika moja baada ya nyingine, na za kubadilisha hazikupatikana popote.

Mzee Baltazar alifariki Novemba 1996. Tangu hapo marehemu alianza kukohoa na kukonda. Alilazwa mara kadhaa, akirudi kila mara mwepesi zaidi. Mei mwaka huu, mama akitetemeka kitandani, Nazari alimletea sweta la dukani. Mama alilipapasa mishono yote kwa muda mrefu. "Limefumwa vizuri kuliko langu," alisema. "Ila nimetafuta pa kuanzia kulifumua, sipaoni." Alilivaa hadi alfajiri ya Jumamosi, tarehe 4 Julai 1998, alipoaga dunia.

Ameacha watoto watatu, Nazari, Kunigunda na Emiliana, wajukuu saba, na mdogo wake, Mzee Edmund wa Mbaha.

Hatumziki na sweta la dukani. Emiliana alianza kufuma Juni, mama alipoacha kula. Alitumia spoki zilezile, na madonge ya kikapuni waliyowekewa watoto ambao hawakurudi kuongezewa mikono. Alimaliza jana. Tulipokuwa tukimvika marehemu, shangazi mmoja alimuuliza kwa nini amefuma mikono mirefu hivyo, naye mama amekwisha kulala. Emiliana akajibu, "Shangazi, sijui kufuma vingine. Ndivyo alivyonifundisha." Kisha akaikunja, mmoja baada ya mwingine, na kuishikiza kwa uzi.

Mungu amlaze pema mama yetu, mahali pasipo na baridi. Amina.