Viti Viwili vya Mwalimu wa Fasihi

Ijumaa, tarehe thelathini na moja Machi, Mwalimu wetu wa Fasihi anastaafu baada ya kufundisha katika shule hii kwa miaka thelathini na minne. Alifika akiwa na nywele nyingi na koti moja la kijivu. Koti bado lipo.

Wanafunzi humwita Viti Viwili. Anajua, na tukijisahau tukamwita hivyo mbele yake, huitika.

Jina hilo lilitokana na namna yake ya kufundisha hadithi fupi. Kila mwaka alisomesha waandishi wawili ambao wahusika wao wakuu ni watoto. Wa kwanza anasimulia habari za kijana aliyeachiwa duka la mjomba wake. Mwandishi huyu anatufungulia kichwa cha kijana mpaka tunajua anamfikiriaje kila mteja, na kijana anakua kadiri mawazo yake yanavyobadilika. Wa pili anasimulia habari za msichana anayempeleka mdogo wake zahanati. Hatuambiwi hata mara moja anahisi nini. Tunaona tu kwamba mwanzoni anamburuta mdogo wake, katikati anambebea viatu, na mwishoni amembeba yeye mwenyewe mgongoni.

Ili tuione tofauti hiyo, Mwalimu aliweka viti viwili mbele ya darasa. Anayekalia cha kwanza anasema kila kinachompitia kichwani. Anayekalia cha pili haruhusiwi kujieleza, na darasa linamsoma kwa matendo yake. Mwenzetu mmoja alikalia cha kwanza akatangaza kuwa ana njaa, kuwa hampendi mwandishi wa pili, na kuwa bado ana njaa. Alipewa alama nzuri za ukweli na chache za ukuaji wa mhusika.

Mwalimu hakuficha kwamba alimpendelea mwandishi wa kwanza. Wa pili alimheshimu kama mtu anavyomheshimu mkwe. "Huyu anatuachia sisi kazi yake," alizoea kulalamika. Mwenyewe alikuwa mtu wa maneno. Vipindi vyake vilisikika hadi jikoni, na mpishi wa shule anadai yuko tayari kuufanya mtihani wa Fasihi.

Mwaka jana, mtihani wa mwisho ukikaribia, alifanyiwa upasuaji wa koo. Daktari akamkataza kusema hadi muhula uishe. Mkewe anasema nyumba ilipata utulivu ambao hakuuomba. Darasa letu ndilo lililokuwa la mwisho kwake kulifikisha kwenye mtihani, naye alitaka kulifikisha mwenyewe. Mwalimu Mkuu, mama mwenye huruma na ratiba, aliona heri apumzike, darasa apewe mwingine.

Siku aliyorudi, Mwalimu aliingia kimya, akaandika ubaoni, "Daktari amenikataza kusema," kisha akaketi. Kwa bahati mbaya, aliketi kwenye kiti cha pili.

Tukafungua madaftari. Kiranja wa darasa alisema daktari anawakilisha utawala unaoziba watu midomo.

"Aa wapi!" akapinga mmoja kutoka nyuma. "Daktari hayupo kabisa. Huyu mtu amegombana na mkewe."

Mwalimu alionyesha kwa kidole bandeji ya shingoni. Kiranja akaandika kwamba mhusika anatumia ishara. Mwalimu akafuta ubao, akaandika "NI KWELI" kwa herufi kubwa. Tukampigia makofi kwa kubadilisha mtindo ghafla. Kipindi kikaisha hivyo.

Juma hilohilo Mwalimu Mkuu alikuja darasani. Tulijua amekuja kwa jambo gani, maana mlangoni alisimama mwalimu mwingine akiwa na chaki yake tayari. Mwalimu wetu alimwamkia Mwalimu Mkuu kwa kichwa, akavuta kiti cha kwanza, akakifuta vumbi kwa mkono wa koti, akamkaribisha. Yeye akaketi cha pili.

"Mama, ukikaa hapo unasema kila unachofikiri," kiranja akamweleza.

"Kila kitu?"

"Kila kitu, mama. Ndiyo kanuni."

Mwalimu Mkuu alivuta pumzi. "Nafikiri kiti hiki kinayumba. Nafikiri nimekuja kumwambia mwalimu wenu akapumzike. Nimezunguka shule nzima asubuhi hii kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kazi nilipoajiriwa, na sijui naanzia wapi. Nafikiri bila yeye mtafeli. Nafikiri hata naye mtafeli, lakini mtafeli vizuri. Jamani, mtu anashukaje hapa?"

Wakati huo Mwalimu alikuwa amekunja karatasi na kupiga magoti, anaichomeka chini ya mguu wa kiti cha Mwalimu Mkuu. Kilipoacha kuyumba, alikwenda mlangoni akampa mwalimu mgeni kifutio chake cha ubao. Kisha akasimama pale, mikono mitupu, hajui aiweke wapi.

Hakuna aliyehitaji kuuliza alihisi nini.

"Mrudishie," alisema Mwalimu Mkuu, bado yuko kitini. "Wewe utakuwa unasoma kwa sauti anachoandika."

Muhula ukaenda hivyo, mmoja akiandika na mwingine akisoma. Matokeo yametoka, na utabiri wa Mwalimu Mkuu haukutimia. Mwalimu naye sasa huanza na mwandishi wa pili, bila kueleza kwa nini.

Sauti yake imerudi, inakwaruza kidogo. Wasifu huu ukimalizika ataitwa jukwaani, ambako tumeweka viti viwili. Hatukumwambia akalie kipi.

Asante, Mwalimu, kwa maneno yote, na kwa muhula mmoja usio na maneno. Ukaishi kwa raha na afya pamoja na mkeo, ambaye ametutuma tuseme yuko tayari kwa kelele. Ukikalia kiti cha kwanza, tutakusikiliza. Ukikalia cha pili, usijali. Tumekuja na madaftari.