Ufagio wa Wageni: Maisha ya Mama Chaki, Fundi Mkataji

Marehemu, ambaye wengi mliofika leo mlimwita Mama Chaki, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa pili kati ya wanne wa mchimba visima na mfua nguo. Wazazi wake walikuwa watu wa bondeni, weusi wa kukolea, wenye lafudhi iliyowatangulia mlangoni. Yeye mwenyewe alikuwa akisema, "Nikifungua mdomo tu, wameshajua wanikalishe wapi."

Alianza shule mwaka 1959. Watoto wa bondeni walikaa madawati ya nyuma, na ubao aliusomea mabegani kwa wenzake. Mwisho wa 1962 baba yake alisema hawezi kusomesha wawili, akabaki shuleni kaka mtu. Marehemu alikuwa amemzidi kaka yake hesabu, na wote nyumbani walilijua hilo. Alijifunza sehemu na vipimo kwa kupekua madaftari ya kaka huyo akishalala mchana. Kaka yupo hapa, na ameomba hili lisomwe.

Tarehe 3 Februari 1972 aliajiriwa kuwa mfagiaji katika kiwanda cha kushona sare. Miaka miwili baadaye mkataji mkuu aliugua katikati ya oda ya sare za wauguzi. Marehemu, ambaye kwa miaka hiyo miwili alifagia chini ya meza huku macho yake yakiwa juu ya meza, aliweka ufagio ukutani, akachukua chaki, akachora kitambaa na kukata. Hakuna sare iliyorudishwa. Tangu siku hiyo hadi anastaafu mwaka 2004, yeye ndiye aliyekata. Kitambulisho chake cha kazi kiliendelea kusema: Mfagiaji.

Mwenye kiwanda hakutaka wanunuzi wamkute mwanamke wa bondeni kwenye meza kubwa. Ukawekwa ufagio kando ya meza, na wafanyakazi wakauita ufagio wa wageni. Gari likisimama nje, marehemu aliweka mkasi chini na kuanza kufagia, na msimamizi alisogea mezani akashika mkasi kama aliyezaliwa nao. Wageni wakiondoka, walibadilishana. Miaka thelathini, ufagio ule haukupungua hata njiti moja.

Wasimamizi nao aliwafundisha yeye. Walikuja saba, wanaume wote, watu wa mlimani wote, na kila mmoja alikabidhiwa kwake miezi mitatu kabla ya kuwa bosi wake. Wote walikosea palepale. Kitambaa chenye manyoya hukatwa vipande vyote vikielekea upande mmoja. Wao walikata mguu mmoja kichwa juu, mwingine kichwa chini, na suruali ikionekana juani ina rangi mbili. Marehemu aliwaacha wakosee mara moja, kisha akaitundika suruali nyuma ya mlango. "Hiyo ndiyo shahada yako," alimwambia kila mmoja. Alicheka peke yake, na kwa haki alistahili kucheka.

Suruali ya kwanza pale msumarini ilikuwa ya mume wake. Alimfundisha mwaka 1976, akawa msimamizi tarehe 1 Februari 1977, wakafunga ndoa tarehe 19 Agosti 1978. Wakwe hawakuja. Mama mkwe alifika miaka saba baadaye, alipozaliwa mtoto wa tatu, kwa sababu alisikia huyo ametoka mweupe. Alimpakata huyo, wale wawili wakabaki wamekaa kwenye mkeka. Huyo mweupe ndiye anayewasomea wasifu huu, na hajawahi kuuzoea upendo wa aina ile.

Mume wake alisimamia kiwanda miaka minane. Alimpenda, hilo halina ubishi. Lakini gari liliposimama nje, ni yeye aliyenong'ona, "Mama, shika ufagio." Na kalamu ya kubadilisha vitambulisho ilikuwa mfukoni mwake miaka yote minane. Marehemu alimwomba mara tatu, kisha akaacha. Alikuwa amechoka, na nyumba ilihitaji amani.

Mwaka 2019 mapafu yake, yaliyojaa vumbi la nyuzi, yalianza kumsumbua. Tarehe 6 Mei 2023 alilazwa. Muuguzi alikuja na fomu, akauliza, "Mgonjwa alikuwa anafanya kazi gani, mzee?"

Mume wake, kitambulisho cha zamani mkononi, alisoma kilichoandikwa: "Mfagiaji."

Marehemu aliinua barakoa ya hewa. "Hata hapa?" aliuliza. "Wageni wako wapi, baba?"

Mzee alilia. Aliomba kalamu kwa muuguzi, akakata lile neno kwenye kitambulisho, akaandika juu yake: Fundi Mkataji. Akamwonyesha.

"Tarehe?" aliuliza mama.

Akaandika ya siku ile. Mama akatikisa kichwa. "Andika ya siku uliyopewa kalamu."

Mzee akaandika: 1 Februari 1977. Mama alisoma, akasema, "Haya," akarudisha barakoa. Hakusema amesamehe, na familia haitamsemea.

Alifariki tarehe 14 Mei 2023, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili. Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, kaka mmoja, na wasimamizi sita wanaojua kukata kitambaa chenye manyoya. Kitambulisho kimewekwa mfukoni mwa gauni lake, gauni alilolikata mwenyewe. Ufagio wa wageni, aliouomba siku ya kustaafu, umebaki nyumbani, na hautafagia kitu.

Apumzike kwa amani, Fundi. Hakuna mgeni anayekuja.