Mama Rudisha, Mlinzi wa Kumbukumbu za Wagonjwa

Ndugu wafiwa, majirani zetu wa mtaa wa nyuma ya karakana ya reli, na ninyi mliofika moja kwa moja kutoka zamu zenu za wodini, familia inawakaribisha mketi, tuwasomee kwa utulivu safari ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Rudisha, na wengine hamkujua kabisa kwamba lilikuwa jina la utani.

Marehemu alizaliwa Jumatatu tarehe 14 Machi 1966, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano, baba yake akiwa mtunza stoo wa reli na mama yake fundi cherehani, na tangu alipoanza kusema alikuwa na maswali yasiyokwisha, hata mama yake akawa anawaambia wateja wake, "Huyu wangu haulizi, anahoji kama polisi."

Alianza shule ya msingi Januari 1973 akamaliza mwaka 1979, akaendelea na sekondari hadi mwaka 1983, kisha akajiunga na chuo cha uhazili, akahitimu mwaka 1985 akiwa wa pili darasani, na aliyeshika nafasi ya kwanza yupo hapa leo, naye ametuomba tuseme wazi kwamba alimshinda kwa alama moja tu, na kwamba marehemu hakuikubali alama hiyo hadi mwisho.

Tarehe 2 Juni 1986 aliajiriwa na hospitali kuwa mpiga chapa katika masjala, chumba chenye dirisha moja na mafaili yaliyopangwa mpaka darini, na huko ndiko alikokutana na fundi umeme aliyeitwa kutengeneza feni, feni ambayo kwa ushahidi wa wafanyakazi wenzake iliharibika mara sita katika miezi miwili bila sababu ya kueleweka. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 17 Desemba 1988, wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1990, ambaye sasa ni mkunga, na mwana aliyezaliwa mwaka 1995, ambaye ni seremala.

Mwaka 1998 kompyuta ziliingia masjala, wazee wengi wa ofisi wakazikwepa kama mbwa mkali, lakini yeye alivuta kiti akakaa, na mwaka 2001 hospitali ilipoamua kuweka kumbukumbu zake katika hifadhidata ya programu huria, yaani ile ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuisoma ilivyoandikwa ndani na hata kuirekebisha, alitoa kwenye printa kitabu cha maelekezo cha kurasa mia mbili, akakisoma jikoni na kamusi pembeni, wali ukiungua mara kwa mara, na mwaka uliofuata akateuliwa kuwa msimamizi wa hifadhidata, mwanamke wa kwanza katika hospitali ile kushika kazi hiyo.

Sasa tunafika mahali ambapo marehemu mwenyewe alituagiza tusiparuke. Jumanne tarehe 11 Mei 2004, saa tisa alasiri, akiwa amefungua madirisha mawili kwenye kompyuta yake, moja la majaribio na moja la kazi halisi, alitoa amri ya kufuta katika dirisha la kazi halisi akidhani ni la majaribio, na jedwali lote la wodi ya wazazi likatoweka kufumba na kufumbua. Alikimbilia nakala rudufu, ambazo mashine ilikuwa ikizitengeneza kila siku, akakuta mafaili yapo, majina yapo, tarehe zipo, ila ndani ni matupu, kwani diski ilikuwa imejaa bila mtu kujua, na nakala nzima ya mwisho ilikuwa ya siku kumi na tisa nyuma. Kinamama mia mbili na kumi na wawili walioandikishwa katika siku hizo, pamoja na makundi yao ya damu, tarehe zao za kujifungua na matatizo yao, walikuwa wamefutika.

Fundi wa mitambo alimvuta pembeni akamwambia, "Sema umeme ulikatika, dada, nani atajua?" Naye akamjibu, "Umeme hauna vidole, mimi ninavyo," akapanda ngazi hadi kwa mganga mkuu, akasimama mlangoni bila kuketi, akasema, "Mzee, kumbukumbu za wodi ya wazazi zimefutika, na si mashine iliyozifuta, ni mimi." Mganga mkuu aliuliza swali moja tu, kwamba angehitaji siku ngapi, naye akasema hajui, lakini angeanza sasa hivi.

Alitembea kitanda hadi kitanda na daftari, akakaa na wakunga wakifungua vitabu vyao vya zamu ukurasa baada ya ukurasa, na baada ya siku tisa wakawa wamepatikana kinamama wote isipokuwa wanne, ambao aliwafuata majumbani kwa miguu, akiomba radhi kila mlangoni kabla ya kuuliza lolote. Wa nne alikuwa amehamia kwa mama mkwe wake, na alipopatikana baada ya siku sita za kuulizia, ilibainika kwamba kundi lake la damu ni lile la nadra, basi likaandikwa upya, na wiki tatu baadaye, alipojifungua kwa shida, damu yake ilikuwa tayari imeandaliwa. Mama huyo yuko nasi hapa, na mtoto wake amemzidi kimo.

Tangu hapo, kila Alhamisi asubuhi, marehemu alichukua nakala ya wiki ile akairudisha yote kwenye kompyuta chakavu iliyokuwa chini ya meza yake, akahesabu kumbukumbu moja moja kuona kama zimetimia, kwani alikuwa akisema, "Nakala usiyowahi kuirudisha si nakala, ni tetesi." Kila aliyemweleza kwamba mambo yake yako salama aliulizwa, "Umejaribu kurudisha?" na hivyo ndivyo alivyopata jina, wenzake wakimtania kwamba hata harusini angemuuliza bwana harusi swali lilelile.

Mwaka 2013 aliokoa kazi kwa namna nyingine. Hifadhidata ile huipa kila badiliko namba, na namba hizo zina kikomo, hivyo kuna kazi inayoendeshwa ndani kwa ndani, kama mfagiaji, ya kupita na kuzishughulikia zilizozeeka ili mzunguko uendelee, lakini mtu mmoja, kwa nia njema, alikuwa amemzima mfagiaji huyo kwa madai kwamba anachelewesha mashine. Marehemu aliona onyo wiki tano kabla ya mfumo kugoma kupokea hata mgonjwa mmoja mpya, akamwasha mfagiaji, akakesha naye kwa macho na subira mpaka hatari ikapita, kisha akagundua kwamba maelekezo ya kitabu kuhusu jambo hilo yalikuwa yanachanganya. Alitumia siku tatu kuandika barua pepe moja kwa watengenezaji wa programu, watu wa nchi mbalimbali asiowajua, akiogopa wangemcheka, nao wakamjibu kwa heshima, wakakubali sentensi mbili alizozipendekeza na kuziingiza katika kitabu. Mume wake alizunguka mtaa mzima akitangaza, "Mke wangu ameandika kitabu!" na alipoambiwa ni sentensi mbili tu, akauliza, "Wewe umeandika ngapi?"

Kuanzia mwaka 2015 alifundisha Jumamosi asubuhi katika chumba cha mikutano cha hospitali, akaandika mwongozo wa kurasa arobaini na moja kwa Kiswahili chepesi, na watu sitini na watatu kutoka hospitali tisa walipita mikononi mwake, wengi wao wanawake wa masjala walioambiwa maishani kwamba kompyuta si zao.

Agosti 2023 aligunduliwa kuwa na maradhi ya figo, akaanza kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, na hata hapo hakuacha udadisi, kwani toleo jipya la hifadhidata lilipotoka, lenye uwezo wa kunakili mabadiliko tu badala ya kunakili kila kitu upya kila siku, alilisoma kitandani, mrija mkononi, akimwambia muuguzi, "Tungekuwa na kitu hiki zamani, nywele zangu zingebaki nyeusi."

Jumamosi tarehe 16 Novemba 2024 hospitali ilihamia toleo hilo pamoja na seva mpya. Mrithi wake kazini, mama wa watoto wawili aliyekuwa mwanafunzi wake wa kwanza, alimwomba asimamie kwa simu, naye akakataa akisema, "Mimi ni mgonjwa, mwanangu, msimamizi ni wewe." Kazi ilipoanza, baadhi ya wagonjwa hawakuonekana wakitafutwa kwa majina, ingawa kumbukumbu zao zilikuwepo, kwa sababu seva mpya ilipanga herufi kwa utaratibu tofauti na faharasa za zamani, yaani orodha za kutafutia majina, zikapotea njia. Mrithi hakung'ang'ania, aliwarejesha watu kwenye mfumo wa zamani, akajenga faharasa zote upya, akajaribu tena, na saa kumi jioni akapiga simu kueleza alichokifanya, hatua kwa hatua. Marehemu alisikiliza mpaka mwisho, akacheka hadi machozi, akamwambia mume wake, "Sasa naweza kulala mchana."

Alilala mchana mara nyingi baada ya hapo, akiwa na furaha, akawapokea wajukuu zake watatu, na Jumapili tarehe 9 Februari 2025, saa mbili asubuhi, alituaga akiwa na umri wa miaka hamsini na minane, miezi kumi na siku ishirini na sita, binti yake akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo kwa upole wao wa miezi kumi na minane, majirani waliopokezana kumpeleka na kumrudisha bila kungoja kuombwa, wanafunzi wa hospitali tisa ambao wametuarifu kwamba darasa la Jumamosi litaendelea wiki ijayo saa tatu asubuhi, na wale marafiki wa mbali waliotuandikia kutoka nchi ambazo hakuwahi kuzikanyaga. Kwa namna ya pekee tunamshukuru mrithi wake, ambaye asubuhi ile hakumwachia mtu mwingine kazi hiyo, bali alikaa mwenyewe mbele ya kompyuta, akafungua kumbukumbu ya mgonjwa huyu, akaandika tarehe na saa ya kufariki, akahakiki herufi za jina mara mbili, akahifadhi, kisha akatoka nje kulia.

Pumzika, dada yetu, kwa amani uliyoifanyia kazi.