Jeki na Ekseli ya Kumpandisha kwa Mama

Wasifu huu umeandikwa na familia. Unasomwa na shemeji wa marehemu, fundi wa kuchomelea, aliyefanya naye kazi gereji moja tangu ilipofunguliwa.

Marehemu, ambaye karibu kila aliyefika hapa alimjua kwa jina la Jeki, alizaliwa tarehe 9 Mei 1956 katika nyumba hii mnayoiona nyuma yetu, huku juu mlimani. Alikuwa mtoto wa pili kati ya wanne, na mwanamume pekee. Baba yake, mchonga mawe, alifariki Jeki akiwa bado hajaanza shule, hata sura yake hakuikumbuka vizuri. Mama ndiye aliyebaki kuwa kila kitu. Mama huyo alikuwa na maneno machache, ila hayo machache yalikuwa na pilipili. Watoto wake waliuogopa ulimi wake kuliko fimbo, na walimpenda mno. Jeki ndiye aliyezidi kwa yote mawili, kuogopa na kupenda.

Alianza shule mwaka 1964 hapa hapa, kisha akashushwa mjini kwa mjomba wake na baadaye akaingia bweni. Hesabu alizimudu, insha zilimpiga chenga hadi mwisho. Jina la Jeki alilipata bwenini. Kiatu cha rafiki yake kilikuwa kimeingia chini ya kabati la vitabu, naye akaweka bega na kuliinua kabati lote. Rafiki akatambaa chini kutafuta, akachelewa, mwalimu akaingia. "Nini hiki?" Jeki hakuweza kujibu kwa jinsi alivyobana meno. Rafiki akajibia kutoka chini ya kabati: "Mwalimu, usimsemeshe, huyu ndiye jeki." Wakachapwa wote wawili, na jina likakaa. Mwaka 1974 aliingia chuo cha ufundi, akatoka na cheti cha ufundi wa magari.

Mwaka 1977 aliajiriwa katika karakana ya kampuni ya malori, na mwaka 1986 akafungua gereji yake mwenyewe nyuma ya duka la mbao. Ilikuwa na paa la mabati, shimo la kuingia chini ya magari, na ukuta mmoja aliotundika spana zake kwa ukubwa. Kila spana aliichorea umbo lake ukutani kwa rangi nyeupe, ili ikikosekana pengo lionekane. Ole wako uirudishe mahali pasipo pake. Alikuwa na hasira za karibu, zinazowaka na kuzimika kabla chai haijapoa. Wateja aliwatania bila kuchagua. Mteja akilia kwamba gari lake limekufa, yeye alimwambia, "Halijafa hilo, limekususia tu. Ulilisema nini?"

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1981 na fundi cherehani, dada wa huyu anayewasomea. Walikutana kwa sababu ya pedali ya cherehani iliyovunjika. Jeki aliichukua kuitengeneza, na kila binti alipoipitia aliambiwa bado kuna kifaa kimoja hakijapatikana. Mwisho binti akashika kiuno: "Kaka, sema ukweli. Unataka cherehani, au unataka mwenye cherehani?" Jeki akasema, "Cherehani ilishapona siku nyingi." Walijaliwa watoto watatu. Mke wake alimsamehe mengi, lakini tabia hiyo ya kuikalia kazi mpaka apende mwenyewe kuimaliza hakuizoea kamwe.

Sasa tufike kwenye gari. Familia ilijadili kama jambo hili lisomwe, na mke wake akasema lisomwe, kwa sababu mwenyewe hakulificha.

Wengi mnalijua lile gari la kijani la milimani. Lilitoka kiwandani likiwa na magurudumu ya mbele yanayocheza kila moja kivyake, kwa mikono na viungo vidogo vidogo. Kwenye lami lilikuwa raha tupu. Kwenye njia ya kuja huku, yenye mawe makubwa yasiyo na adabu, viungo vile vilivunjika kama biskuti. Jeki alipanda kila mwezi kumwona mama, ambaye magoti yake yalishakataa kushuka mlima. Na kila mwezi, badala ya kukaa naye, aliishia kulala uvunguni mwa gari akifunga na kufungua, ili apate kurudi kazini. Mama alimletea chai hapo hapo chini. Siku moja alisimama na kikombe mkononi, akaitazama ile miguu iliyotokeza, akasema, "Mwanangu, nilikuzaa mzima. Siku hizi naona miguu tu."

Majirani walicheka, na Jeki akacheka, lakini maneno yalimwingia. Akatoka uvunguni, akajifuta mikono, akatangaza mbele ya wote: "Mama, nikirudi hapa nitakuja na gari ambalo sitalala chini yake tena. Nitakaa na wewe mpaka unichoke." Alimaanisha kila neno. Hiyo ilikuwa Agosti 1999.

Mpango wake ulikuwa kung'oa viungo vyote vya mbele na kufunga ekseli nzima, yaani chuma kimoja kinene kutoka gurudumu hadi gurudumu, kama yalivyo malori na magari ya zamani ya shamba. Chuma cha namna hiyo hakiyabembelezi mawe. Akapata ekseli kutoka kwenye gari lililopinduka, iko safi, haijapinda. Aliileta gereji kwa mkokoteni akiimba. Mtu angedhani analeta mke wa pili, na mke wa kwanza alimwambia hivyo hivyo.

Wenye kazi hii wanajua kwamba kuna hatua moja isiyo na kurudi. Ni pale unapokata masikio ya chesisi, vile vyuma vya kwenye fremu ya gari vilivyobeba viungo vya zamani. Kabla ya kukata, unaweza kughairi ukarudisha kila kitu. Ukishakata, umekata. Shemeji yake alimwambia, "Jeki, tuiweke kwanza ekseli chini ya gari, tuipime, ndipo tukate." Jeki tayari alikuwa ameshika grenda ya kukatia. "Ekseli naijua, gari nalijua. Nipime nini? Nipime mke wangu?" Akakata. Alikata vizuri mno, akasaga mpaka chesisi ikawa laini kama meza.

Kisha wakaisukuma ekseli chini ya gari. Jeki akachuchumaa, akatazama. Difu, lile tumbo la gia linalokaa kwenye ekseli, lilikuwa upande wa kushoto. Propela ya mbele ya gari lake, ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye difu, hutokea kwenye gia boksi upande wa kulia. Vitu viwili vilivyotakiwa kuungana vilikuwa vinapishana, na hakuna nyundo ya kuvikutanisha. Fundi aliyeshughulika na magari zaidi ya miaka ishirini alikuwa amekata gari lake mwenyewe bila kutazama difu iko upande gani. Alikaa juu ya tairi, akasema kwa sauti ndogo, "Usimwambie mtu."

Gari likabaki gereji juu ya mawe, na juu ya mawe likakaa. Ekseli yenye difu upande wa kulia ilikuwa adimu. Alipoipata, springi hazikulingana. Springi zilipopatikana, usukani ulihitaji mkono mwingine. Katikati ya yote hayo kulikuwa na magari ya wateja, na gari la fundi hungoja nyuma ya magari yote ya mji. Kila wiki ilikuwa "wiki ijayo."

Huku juu hakukuwa na simu wakati ule. Habari zilipanda na kushuka kwa mdomo wa muuza maziwa. Jeki alimtuma: "Mwambie mama gari linakaribia, nakuja." Mama akamtuma arudi na jibu: "Mwambie mimi sikuzaa gari." Jeki alicheka hadi akashika mbavu, akalirudia jibu hilo gereji nzima, kila mteja alisikia. Miezi ikapita. Mke wake akamwambia mezani, "Si upande tu kwa miguu, ukamwone, urudi?" Akajibu, "Fundi wa magari apande mlima kwa miguu, baada ya yale niliyosema mbele ya watu wote? Watanicheka mpaka nizeeke." Mke wake anasema alipaswa kumsukuma zaidi siku ile, lakini sisi tuliomjua Jeki tunajua mke wake angekuwa anasukuma ukuta tu.

Muuza maziwa alikuja tena siku moja, akasimama mlangoni bila kuingia. "Mama anakohoa," alisema. "Si sana. Anakuulizia." Jeki alikuwa amebakiza kufunga mipira ya breki na kutoa hewa. Akasema, "Keshokutwa namaliza. Mwambie aweke chai."

Mama alifariki tarehe 2 Februari 2001, alfajiri, kabla ya hiyo keshokutwa. Jeki alipanda kuja kumzika akiwa nyuma ya lori la mazao, amekaa juu ya magunia, ovaroli bado mwilini. Alipofika hakuingia ndani ya nyumba.

Gari lilikamilika majuma machache baadaye, na lilikamilika vizuri, hilo lazima lisemwe. Alipanda nalo peke yake. Lilipita juu ya mawe yale yale bila hata kulalamika. Alizima injini hapa uani, akateremka, na kwa mazoea akalala chini kuangalia kilichovunjika. Hakuna kilichovunjika. Jirani wa mama, bibi aliyeishi nyumba ile ya pili, alimkuta bado amelala hapo chini, hana spana mkononi. Akamwambia, "Baba, mama yako alikuwa akisikia muungurumo wowote kule bondeni anabandika maji ya chai. Hata wa gari la mtu mwingine. Ananiambia, huyo ndiye." Jeki alilia uvunguni mwa gari lile, na bibi akamwacha alie.

Baada ya hapo aliendelea na kazi kama kawaida. Watu walikuja kutoka mbali kutaka awafungie ekseli kama yake, naye aliwafungia, na jina lake likawa kubwa. Mtu akimsifu kwa gari la kijani, alibadilisha mazungumzo. Hakuuza gari lile, wala hakulipenda. Watoto wake walipohamia mbali kikazi na kusema watakuja likizo ikiruhusu, au nyumba ikiisha, alikuwa mkali kwa namna ambayo hawakuielewa. "Njooni hivyo hivyo," aliwaambia. "Msiningojeshe." Kitinda mimba anasema alidhani baba anazeeka tu.

Mwaka 2021 alianza kubanwa na kifua. Daktari aliona mapafu yamechoka kwa moshi na vumbi la chuma, akamkataza gereji. Alikatazika nusu: alikuwa akikaa kwenye kiti nje ya mlango na kusahihisha kila kitu kwa sauti. Mwezi Machi mwaka huu alilazwa, akatoka, akalazwa tena. Watoto wote watatu walikuja. Mmoja aliacha mtihani, mwingine aliomba ruhusa akanyimwa, akaja hivyo hivyo. Jeki aliwatazama mmoja mmoja, akasema tu, "Mmekuja." Alifariki tarehe 18 Juni 2024, saa za adhuhuri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mke wake.

Ameacha mke, watoto watatu, wajukuu watano, dada zake watatu, shemeji mmoja aliyegombana naye kila siku na hajui sasa agombane na nani, na gereji yenye spana zote ukutani.

Siku chache kabla ya kufariki alitoa agizo moja. Alisema azikwe huku juu, kando ya mama. Mke wake akamwambia, "Sawa. Gari la kijani litakubeba." Akatikisa kichwa. "Gari liacheni chini. Nibebeni kwa miguu."

"Mlima wote ule?" mke wake akauliza.

"Wote," alisema. "Nilitakiwa kuupanda hivyo."

Basi tumembeba. Leo asubuhi tumepokezana mabegani, wajukuu wakitangulia kutuonyesha mawe. Tulijiandaa kwa safari ndefu. Tulibeba maji, tulibeba chakula, wengine walivaa hata viatu vya kazi. Tumefika hapa maji hayajafunguliwa na umande bado uko kwenye majani. Tuliliweka jeneza chini, tukatazamana, wala hakuna aliyethubutu kusema jinsi palivyo karibu.

Mama, huyu hapa. Amefika, na hakuja na gari. Lalani kwa amani, nyote wawili.