Mikono ya Sanamu ya Subukia

Sogeeni karibu, Joash na wewe Eucabeth, kwa maana kifua hiki kilichojaa vumbi la mawe kimeniambia tangu asubuhi kwamba hakitanivusha wiki hii, na sitaki mzike mtu msiyemjua. Nikinyamaza napumzika tu, sijamaliza.

Nakuru nzima inamwita baba yenu Naftaly fundi wa sanamu. Makanisa yameniita nichonge mabeseni ya ubatizo, wenye mashamba wameniita kwa mawe ya makaburi yao, na wote walianza kwa kusema kwamba wameiona sanamu ya mkamaji wa ng'ombe kule Subukia, kwenye chemchemi ya Bibi Wetherall, na chini yake wamesoma jina langu. Jina ni langu, wanangu. Sanamu si yangu. Sijawahi kusema maneno hayo, na hata sasa yananiuma kuyasema.

Bibi Wetherall alikuwa mjane wa mchongaji aliyesomea kazi yake Florensi, mji wa Waitaliano, na mumewe alimwachia tindo kumi na mbili za chuma kizuri na kitabu kikubwa cha picha. Alinikuta kwenye machimbo ya mawe, nikipumzika mchana na kuchonga kiboko kwa jiwe la sabuni, lile jiwe laini la kwetu Tabaka, akanichukua, akanipa banda na mshahara, na kila Jumamosi akanifungulia kitabu kile. Alinieleza kwamba miaka mia tano iliyopita mafundi wa mji huo walichoka kuchonga watakatifu waliosimama kama nguzo, wakaanza kumtazama mtu mwenyewe, mshipa wa shingo yake, uchovu wa bega lake, wakasema huyu naye anastahili jiwe. Matajiri, wauza sufu na wenye benki, waliwalisha mafundi hao, kila mmoja akitaka fundi wake amshinde wa jirani. Niliipenda hadithi hiyo kwa sababu nilijiona ndani yake. Yeye alikuwa tajiri wangu, na mimi nilikuwa fundi wake, peke yangu.

Mwaka wa hamsini na moja akatokea Gachanja. Alikuwa mchunga ng'ombe wa shamba la Bibi, Mkikuyu wa rika langu, ambaye hakuwahi kushika tindo. Alichonga kwa kisu uso wa nyapara kwenye nguzo ya lango, na kila aliyepita alimtambua nyapara akacheka. Bibi alisimama mbele ya nguzo ile mpaka chai yake ikapoa. Kesho yake Gachanja alikuwa ndani ya banda langu, na mimi ndiye niliyemfundisha kushika chombo. Baada ya miezi mitatu sikuwa na la kumfundisha. Baada ya sita, kila alipotoka kunywa maji nilikuwa naikagua kazi yake nikitafuta kosa.

Kisha Bibi akataka sanamu ya kuweka kwenye chemchemi. Majirani zake walitarajia malaika. Yeye akasema, "Malaika sijawahi kumwona. Chepngeno namwona kila asubuhi." Chepngeno alikuwa mkamaji wake, na majirani hao wazungu walimcheka Bibi mbele ya uso wake, lakini hakujali. Alituambia kila mmoja wetu achonge kichwa cha mama huyo, naye atachagua, kama mafundi wa Florensi walivyoshindanishwa zamani kwa ajili ya milango ya shaba ya kanisa lao. Changu kilikuwa laini, hakina hata mkwaruzo. Alikipapasa akasema, "Safi sana, Naftaly." Alipofika kwa cha Gachanja hakusema kitu. Aliketi juu ya sanduku akakitazama, na kile kimya chake ndicho nilichokitaka maisha yangu yote, nacho alipewa mtu mwingine mbele ya macho yangu. Siku hiyohiyo Bibi alimkabidhi Gachanja zile tindo kumi na mbili.

Ngojeni... nipe maji, Joash.

Wivu wangu haukuja kama hasira. Ulikuja kama njaa, nikala nisishibe. Akikohoa nilifurahi. Akinisifia kazi yangu nilimchukia zaidi, kwa kuwa alisifia kwa kweli. Na sanamu ilizidi kutoka kwenye jiwe, uso, mabega, magoti yaliyobana ndoo, mpaka ikabaki mikono tu. Mikono hakuigusa. Kila alfajiri alikwenda zizini kutazama vidole vya Chepngeno vikikama, akirudi anasema bado hajavielewa.

Hapo ndipo serikali, kwa kuogopa uasi, ilipokuwa ikiwaondoa Wakikuyu mashambani, na Bibi akaendesha gari mpaka Nairobi kumtafutia Gachanja karatasi ya kubaki. Siku ya pili askari walikuja na ofisa kijana. Alisema nyumba ya jirani ilichomwa Jumanne jioni, akaniuliza mimi, msimamizi wa banda, kama Gachanja alikuwa kazini saa hizo. Alikuwepo. Tulikuwa sote tukigeuza jiwe kwa kamba. Gachanja alinitazama bila hofu, kama mtu anayejua jibu litakuwa nini. Nikasema, "Sikumwona."

Neno moja tu. Walimpandisha lori, na Bibi alirudi siku iliyofuata akiwa na karatasi mkononi.

Nilimdanganya Bibi kwamba Gachanja aliniachia kazi niimalize. Nikazichukua tindo zake, nikachonga mikono, na chini nikaandika jina langu. Chepngeno aliletwa aone. Alizunguka mara moja, akaniambia kwa upole, "Uso ni wangu. Mikono si yangu." Bibi alilisoma jina, na tangu siku hiyo hakunifungulia kitabu tena. Zile barua alizoniandikia kwa wakubwa wa Nakuru, mnazozionea fahari, aliziandika ili niondoke kwake.

Mwaka jana nilikutana na Gachanja sokoni. Ametoka kizuizini, anafunga seng'enge kwenye shamba moja huko Ndabibi. Alinisalimu kwa jina. Hakuniuliza kwa nini. Aliniuliza, "Ile mikono, ulimaliza?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Vizuri," akaenda zake. Na mimi, badala ya kuona aibu, nilimwonea wivu upya, papo hapo, kwamba baada ya yote hayo mtu huyu bado anawaza jiwe.

Nawe Eucabeth, mwanangu. Kile kichwa cha bibi yako ulichofinyanga kwa udongo ukiwa na miaka kumi na miwili hakikuangushwa na mbuzi. Nilikivunja mimi. Nilikiona kinapumua, nikakuambia urudi jikoni. Usilie, nimalize.

Joash, shamba la Tabaka na nyumba ni lako, na karakana hii ni yenu nyote wawili. Wewe ni mwashi mwaminifu, lakini mkono wa dada yako unakuzidi, na unalijua hilo kama mimi nilivyolijua la Gachanja. Usimfanyie nilivyofanya. Tindo kumi na mbili zipelekeni Ndabibi kwa Gachanja, mmoja asibaki na hata moja. Mwambieni yote kwa kinywa chenu, msinipunguzie. Kisha mpelekeni Subukia, Chepngeno bado anakama pale, mlifute jina langu mbele yao, na Gachanja aivunje ile mikono aichonge upya akitaka. Akikataa, msimbembeleze. Akikubali, Eucabeth umwombe akufundishe, na ukubali kuanza chini.

Kaburini kwangu... msiweke jiwe lililochongwa. Lolote la shambani litatosha.

Nishikeni mkono. Huu... huu wa kulia. Mungu awape riziki, awape watoto, awalinde na ulimi wangu, usirithiwe na yeyote kati yenu. Na awape jicho la kuona kazi nzuri ya mwingine... na kufurahi tu. Kufurahi. Mimi sikuwahi... hata siku moja.